Sura ya Saba: Pete ya Gurudumu

Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha lori lililoegeshwa karibu na lango. La pili lilimpata Koplo Sebit begani, akatoa tusi la Kibari ambalo mama yake asingependa kulisikia. Kapteni Rejoice hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi lililolowa oili na damu, akimkagua marehemu, na alijua kwamba akiinuka kubishana na watu wa nje atapoteza muda ambao hana.

"Jenabu, lango halitashika," Sebit alisema. "Wameleta gogo."

"Umepiga simu makao?"

"Nimepiga. Wanasema gari iko, mafuta ndiyo hakuna."

"Basi makao ni sisi."

Nje ya mabati yale walikuwa ndugu wa marehemu Albino, wajomba, binamu, na wengine ambao hawakuwa hata na udugu naye ila walipenda ghasia. Mbele yao alikuwa Lagu, mdogo wake Albino, panga mkononi, na panga hilo lilikuwa limeshaonja damu. Kabla polisi hawajafika alikuwa amemkata nusu sikio mchomeleaji wa gereji ile, Severino, na angemmaliza kama Rage, mwenye gereji, hangemsukumia kijana wa watu ndani ya kontena la vipuri na kukomea mlango. Humo ndimo Severino alimokuwa sasa, katika joto la kuoka mkate, akisikiliza jina lake likiimbwa na watu waliotaka kumchinja. Rejoice alikuwa na bastola moja, koplo mmoja, na muda kadiri lango litakavyovumilia.

Gereji ile ya Gumbo, ng'ambo ya daraja kwenye njia ya Nimule, iliishi kwa mizoga ya majeshi. Rage alinunua malori na jenereta zilizopigwa mnada huku na kule, akakata, akaunga, akapaka rangi upya, maana raia akionekana Juba na gari la kijani cha jeshi atalala ndani. Lori lililobeba askari jana, leo hubeba matofali au tangi la maji ya kuuza. Na kwa kuwa kila gari lililoingia pale lilibadilishwa sura, hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anataka la kwake libadilishwe.

Albino alikuwa amelala chali kando ya lori ambalo nusu yake ilikuwa nyeupe mpya na nusu bado kijani. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limefunguliwa na kulazwa chini. Magurudumu ya malori yale ya zamani hushikiliwa na pete ya chuma inayozunguka rimu. Upepo ukiingia kabla pete haijakaa sawasawa, pete huruka, na ikiruka haichagui kichwa. Mafundi wote wa Gumbo walikuwa wamemzika mtu wa pete. Ya Albino ilikuwa hapo karibu na sikio lake, na nywele zake zilikuwa juu ya pete. Uso haukuwepo tena wa kuitwa uso.

Kando ya lori, mikono imekunjwa kifuani, alisimama Gune, dereva aliyelileta lori lile, mwanajeshi wa zamani mwenye shingo nene. Ndiye aliyepiga kelele ya kwanza. Ndiye pia aliyempigia Lagu simu.

"Nieleze tena," Rejoice alimwambia.

"Nimeshasema, jenabu. Albino iko ameinama juu ya gurudumu. Severino iko huko juu kwa kiti ya dereva, injini inanguruma, upepo inaingia kwa mpira kutoka tangi ya breki. Mimi nikaita, wewe, pete haijakaa. Akaniangalia hivi. Akakanyaga mafuta. Ikapasuka, bum, pete ikaenda usoni."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Pale langoni kwa mama ya chai. Na glasi kwa mkono."

"Mwingine aliyeona?"

"Jenereta ilikuwa inapiga kelele nyuma, watu wengine wako huko. Mimi peke yangu nimeona. Na macho yangu hii mbili."

Mama wa chai hakuwa mbali. Ghasia zilipoanza alikuwa ameingia ndani na jiko lake na glasi zake zote, na sasa alijibanza nyuma ya matangi matupu ya maji. Aliitwa Ritah, mtu wa Arua, na hofu haikumzuia kusema.

"Madam, mimi iko pale kwa lango tangu asubuhi. Huyu Gune mimi iliona, alipita kuingia ndani. Chai yangu hapana kunywa."

"Na tairi lilipopasuka?"

"Tairi gani?" Ritah alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama kuna mvua ilhali jua linawaka. "Madam, wewe ni mtu ya hapa. Tairi ya lori ikipasuka, sisi yote tunalala chini. Hata watoto. Leo nani amelala chini? Hakuna mtu. Glasi yangu hata moja hapana vunjika."

Rejoice alilijua hilo kuliko alivyopenda kulijua. Juba nzima, kitu kikilia, watu hulala kwanza na kuuliza baadaye. Yeye mwenyewe aliwahi kulala kwenye matope ya Atlabara akiwa na sare zilizopigwa pasi, kisa pikipiki iliyokohoa. Hata jenereta ingurume iwezavyo, tairi la lori lililopasuka hatua chache kutoka langoni lingewalaza wauza nyanya wote wa barabara ile.

Alirudi kwa marehemu. Alimgeuza kichwa taratibu, mikono yake ikiteleza. Kisogoni, chini ya nywele, kulikuwa na shimo la duara lililoingia ndani, mfupa umebonyea. Pete iruke itokako, haimzunguki mtu ikampiga usoni na kisogoni. Mtu alikuwa amesimama nyuma ya Albino na nyundo. Kisha, fundi alipokwisha anguka, mtu huyo huyo alikuwa ameinua pete ile nzito na kumponda nayo uso, zaidi ya mara moja. Rejoice alikuwa ameona maiti wengi, lakini aliyetulia akaponda uso wa mtu aliyekwisha kufa alimtia kinyaa.

Akaingiza kidole kati ya meno yaliyobaki. Kitu kidogo cha shaba kilikuwa kimebanwa shavuni. Alikitoa, akakipangusa kwenye suruali yake, akakiinua juu.

"Rage. Hiki nini?"

Rage alisogea, kofia yake imelowa jasho, macho hayataki kutua kwenye maiti. Alikuwa Msomali wa Garissa, na miaka aliyokaa Juba haikuwa imemwondolea Kiswahili cha kwao.

"Hicho ni kipini cha valvu, afisa. Kinakaa ndani ya valvu, kinazuia upepo. Albino lazima angekitoa kwanza, halafu anaweka kwa mdomo. Siku zote. Alikuwa anasema, nikiwa nacho mdomoni hakuna mjinga atanijazia gurudumu nikiwa nimeinama."

"Kwa hiyo gurudumu hili lilikuwa limeshatolewa upepo."

"Walai, lilikuwa tupu kama mfuko wangu. Hata ukitaka kulijaza, bila hicho upepo unatoka pale pale."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Watu wameingia na mapanga, afisa. Nimekimbilia kufungia kijana."

Gogo liligonga lango, mabati yakalia, na bawaba ya juu ikachomoka. Sebit aliegemeza mgongo wake kwenye mabati, akafyatua risasi moja hewani. Nje watu wakalala chini, kisha wakainuka na nyimbo zikaanza tena, na zilikuwa kali zaidi.

Rejoice aliliendea kontena, akapiga ngumi mlangoni.

"Severino. Asubuhi mligombana na marehemu. Watu wote wamesikia. Juu ya nini?"

Sauti iliyotoka ndani ilikuwa kavu. "Madam, haki ya Mungu mimi sijaua Albino. Nilikuwa nyuma nachomelea tangi. Nimetoka kuchukua maji, nikamkuta chini, nikamwinua. Damu ni ya kumwinua."

"Nimekuuliza mligombana juu ya nini."

"Betri, madam. Hapa betri nzima ziko mbili tu. Haya malori na jenereta za jeshi zinataka mbili mbili. Sisi tunahamisha. Mimi nilitaka jenereta iwake nichomelee, yeye alitaka awashe ile lori ya Gune kuijaribu. Tukapigiana kelele. Mwisho akanionea huruma, akasema chukua."

"Ukishawasha jenereta unazirudisha?"

"Hapana. Ile jenereta ukitoa betri, inazima. Zinakaa hapo mpaka tumalize."

Rejoice alibaki amesimama, kiganja chake juu ya chuma cha moto. Nyuma ya kontena jenereta kubwa ya kijani ilikuwa bado inanguruma, hakuna aliyekuwa amekumbuka kuizima. Alizunguka akaitazama. Betri mbili zilikuwa miguuni pake, waya zimekazwa.

Kilichobaki kilikuwa sababu. Alirudi kwenye gurudumu, akachuchumaa, akapitisha mkono ndani ya tairi, polepole, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda asichokijua. Upande wa ubavuni kidole chake kikachomwa. Alivuta kwa koleo la Albino mwenyewe. Kitu kikatoka kwenye mpira, kirefu kidogo, ncha imepinda. Risasi.

Hapo mambo yote yalikaa mahali pake. Mwezi uliopita, njia hiyo hiyo ya Nimule, basi la abiria lilizuiwa na lori la kijani. Waliokuwa ndani walishushwa, wakalazwa pembeni ya barabara, wakamiminiwa risasi. Rejoice ndiye aliyewapakia maiti. Polisi aliyesindikiza basi alikuwa amelirushia lori risasi zote za bunduki yake kabla wauaji hawajamkata koo, na tangu siku hiyo Rejoice alikuwa akilitafuta lori la kijani lenye tundu la risasi, akitafuta kwenye vizuizi, bandarini, kwenye yadi za wakubwa. Gune aliagiza rangi nyeupe tu na turubai jipya. Hakuagiza magurudumu. Lakini Albino alikuwa fundi, ameona gurudumu linavuja polepole, akaamua kumsaidia mteja bila kuombwa. Wema huo ndio uliomuua.

Rejoice aliitia risasi mfukoni. Akaenda langoni.

"Fungua mlango mdogo," alimwambia Sebit.

"Jenabu?"

"Lagu aingie. Yeye peke yake."

"Na lile panga?"

"Aje nalo. Bila panga hataingia."

Sebit alimtazama kama aliyepigwa na jua, lakini alifungua. Lagu aliingia kifua mbele. Alimwona kaka yake, na mguu wake mmoja ukakosea hatua, kisha akaliendea kontena moja kwa moja.

"Fungua," alisema. "Jenabu, nakuheshimu. Toa huyo mtu, sisi tuondoke. Khalas."

"Nitakupa aliyemuua ndugu yako. Nipe muda wa kuwasha lori tu." Rejoice aligeuka. "Gune, panda. Nataka huyu ndugu aone ilivyokuwa. Washa injini, umwonyeshe Severino alikokanyaga mafuta."

Gune alimtazama, kisha akalitazama lango, bawaba moja imeng'oka. Lori lile lilikuwa limekaa juu ya jeki upande mmoja, lakini mtu mwenye haraka ya kutoroka haoni jeki. Tabasamu dogo lilimpita usoni. Alitoa ufunguo mfukoni, akapanda, akaufunga mlango wa kabini nyuma yake kwa kishindo.

Akageuza ufunguo.

Hakukuwa na kitu. Hata taa moja haikuwaka. Akageuza tena, kwa nguvu zaidi, kama vile ufunguo ndio mbishi.

"Washa," Rejoice alisema.

"Imekataa."

"Lagu, hapo chini ya ngazi kuna sanduku la betri. Lifungue utuambie."

Lagu alilifungua kwa ncha ya panga. Ndani mlikuwa na waya mbili zimeviringwa kitambaa, na madoa ya mafuta makavu. Hakuna betri. Aliinama akatazama, akainuka, akatazama tena.

"Ziko kwa jenereta," Rage alisema. "Tangu asubuhi. Albino mwenyewe alizitoa, huyu Gune akiwa ameenda kula. Tukizitoa kule, kelele hii yote unayosikia inazima."

Lagu hakuwa mtu wa maneno mengi na hakuwa mwepesi, lakini alikuwa amekulia kwenye malori. Alisimama akisikiliza ngurumo ya jenereta. Kisha akauinua uso wake kwenye dirisha la kabini.

"Umeniambia kwa simu injini ilikuwa inanguruma," alimwambia Gune. "Severino anakanyaga mafuta. Ilinguruma na nini?"

Mkono wa Gune ulishuka chini ya kiti na kurudi na bastola.

Risasi ya kwanza ilimpata Sebit pajani. Na hapo, bila mtu kusema, uwanja mzima ulilala chini. Rage alilala. Ritah alilala, glasi zake zikavunjika zote. Nje ya mabati nyimbo zilikatika katikati ya neno, wajomba na binamu na wapenda ghasia wakalala kifudifudi barabarani, na ng'ambo ya pili wauza nyanya walikuwa wamelala juu ya nyanya zao. Waliobaki wima walikuwa Rejoice, kwa sababu alikuwa amelitarajia, na Lagu, kwa sababu hasira yake iliishinda hofu.

Rejoice aliupiga mlango wa kabini risasi tatu, moja juu ya nyingine. Mlango ulikuwa bati la jeshi lakini si bamba la kivita, na risasi zilipenya. Gune alifyatua tena, ikampita Rejoice karibu na shingo, akausikia upepo wake. Kisha mlango ukafunguka na Gune akaanguka nje juu ya bega, mkono wake wa kulia umevunjwa kiwiko, mfupa mweupe umetokeza. Aliunyoosha wa kushoto kuitafuta bastola vumbini. Rejoice alikikanyaga kile kiwiko kilichovunjika, akabaki amekikanyaga mpaka Gune alipoacha kutafuta.

Kivuli cha panga kilipita juu yao. Rejoice alielekeza mdomo wa bastola kwenye shavu la Lagu, ukiwa bado wa moto, akausukuma mpaka Lagu akarudi nyuma.

"Huyu ni wangu," alisema.

"Ameua kaka yangu."

"Ameua na basi zima. Akifa hapa, waliomtuma watalala vizuri leo." Aliinama. "Lori ni la nani?"

Gune alitema damu, na alicheka kidogo. "Ukijua jina lake, jenabu, wewe utaomba hii risasi ingekupata."

"Basi utaniambia kituoni, nikiwa nimekaa."

Alimfunga pingu mkono mzima kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe, maana mkono mwingine haukufungika. Rage alikwisha mkazia Sebit mshipi juu ya paja, damu ikapungua. Ndipo kontena lilipofunguliwa.

Severino alitoka akipepesa macho, shati limegandamana na damu, sikio limening'inia. Aliona bastola, akaona Gune, akamwona Lagu, na hakuna aliyehitaji kumweleza lolote, kwa kuwa bati la kontena lilikuwa jembamba na alikuwa amesikia kila neno. Rejoice na Rage walimburura Gune hadi mle mle alimotoka Severino, wakakomea. Nje ya lango watu walikuwa wanainuka, wakijipangusa, wakinong'onezana. Jina waliloanza kuliita lilikuwa jipya, lakini wimbo ulikuwa ule ule.

Rejoice akasimama mbele ya mlango wa kontena, akatoa magazini, akatazama ndani yake, akairudisha bila kusema zimebaki risasi ngapi.

Lagu alimkaribia Severino. Walisimama hivyo, mkataji na mkatwa, na Lagu alishindwa kuliangalia lile sikio. Mwishowe aligeuza panga, akalishika kwenye makali, akamnyooshea Severino mpini.

"Ndani kuna mtu," alisema. "Damu yako nayo iko kwake. Kata wewe kwanza. Mimi nitafuata."

"Severino," Rejoice alisema, na bastola yake ikainuka kidogo. Alimhurumia kijana yule kwa moyo wote, na hata hivyo angempiga risasi.

Severino alilichukua panga. Alilipima uzito mkononi. Kisha akaupita mlango wa kontena, akampita Rejoice, akaenda hadi kwenye lori, akakata kamba za turubai moja moja, akalivuta chini lote.

"Ndugu yako iko kwa jua tangu saa sita," alimwambia Lagu. "Mmekuja wengi. Hakuna hata mmoja amemfunika."

Alishika upande mmoja wa turubai, akangoja, mpaka Lagu alipokuja kuushika wa pili.